Namna ya kuzisoma barua za Mtakatifu Ignasi wa Antiokia bila kukwama njiani

Anza na barua ya mwisho, ile kwa Polikarpo. Vitabu vingi hutanguliza barua yake kwa Waefeso, na ndiyo maana wengi hawafiki mbali: hiyo ndiyo ndefu kuliko zote, ina sura 21, na Ignasi anaruka kutoka wazo hadi wazo kama mtu anayeandika huku askari wakimsubiri. Na kweli walikuwa wakimsubiri. Barua kwa Polikarpo ina sura 8 fupi, unaimaliza chai ikiwa bado ya moto.

Ignasi alikuwa askofu wa Antiokia ya Siria, mji ule ambao Matendo 11:26 inasema wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Zamani za Kaisari Trajani, aliyetawala kuanzia 98 hadi 117, alikamatwa akasafirishwa hadi Roma ili atupwe kwa wanyama. Mapokeo yanataja mwaka 107 hivi. Alifungwa pamoja na askari kumi anaowaita chui. Anasema kadiri walivyotendewa wema ndivyo walivyozidi kuwa wabaya. Walipopumzika Smirna, makanisa ya jirani yaliwatuma maaskofu wao na waamini wengine kumsalimu. Akiwa hapo aliwaandikia Waefeso, Wamagnesia na Watrali, na barua ya nne akaitanguliza Roma. Alipofika Troa aliandika tatu: kwa Wafiladelfia, kwa Wasmirna na kwa Polikarpo, askofu wa Smirna. Jumla saba.

Fungua ramani zilizo nyuma ya Biblia yako uziweke karibu muda wote. Efeso, Smirna na Filadelfia utazikumbuka kutoka sura ya 2 na ya 3 za Ufunuo. Kutoka Troa, Ignasi alivushwa bahari kwenda Neapoli, njia ileile aliyopita Paulo katika Matendo 16:11. Katika sura ya 8 kwa Polikarpo anaeleza kwamba amri ya kupanda meli imetoka ghafla, kwa hiyo hakuweza kuyaandikia makanisa yote. Anamwomba Polikarpo ayaandikie kwa niaba yake. Ukiiona sehemu hiyo kwenye ramani, barua inakuwa na mtu ndani yake.

Kuhusu kuzipata: mimi nasoma tafsiri ya Kiingereza kwenye simu, kisha wanajumuiya wenzangu nawasimulia kwa Kiswahili. Nilifundisha shule ya msingi hadi kustaafu, kwa hiyo kusimulia si kazi ngeni. Angalia jambo moja kabla hujaanza. Matoleo ya zamani huchapa matini mbili za kila barua, fupi na ndefu, bega kwa bega. Soma fupi. Ile ndefu ilirefushwa na mtu mwingine karne ya 4, akatia maneno yake kinywani mwa marehemu. Na ukirushiwa kwenye grupu ya WhatsApp barua ya Ignasi kwa Bikira Maria, usiisambaze hata kama ni tamu. Ni ya kughushi.

Sasa kaa na Polikarpo wiki nzima. Soma kwa sauti, maana barua za namna hii ziliandikwa ili zisomwe mbele ya watu. Siku ya kwanza soma yote bila kusimama. Siku zinazofuata chukua sura moja moja na penseli. Sura ya 2 inasema ukiwapenda wanafunzi wema tu hustahili shukrani yoyote. Wale wasumbufu ndio uwatulize kwa upole, na si kila kidonda kinapona kwa dawa ileile. Sura ya 3: simama imara kama fuawe linapopigwa. Sura ya 4 ndiyo ninayoirudia zaidi nikiwa mwenyekiti wa jumuiya. Wajane wasisahauliwe. Mikutano ifanyike mara nyingi zaidi. Watafute wote kwa majina. Hilo la mwisho halihitaji ufafanuzi wa mwanateolojia. Chukua daftari la jumuiya, pitia majina, weka alama kwa aliyekosekana muda mrefu, halafu nenda ukabishe hodi kwake. Usimpigie simu. Nenda.

Katika sura hiyohiyo kuna mstari utakaokukwaza. Ignasi anasema watumwa wa kiume na wa kike wasidharauliwe, lakini nao wasitamani kukombolewa kwa fedha za jumuiya. Usiuruke. Msikilizaji mmoja atauliza tu, hasa huku kwetu ambako wamisionari walioweka kituo Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa wakikomboa watumwa kwa fedha. Mimi husema wazi kwamba hapo askofu anaongea ndani ya dunia ambamo utumwa ulikuwa halali, na simtetei zaidi ya hapo. Ila mstari huo unatuonyesha kwamba Wakristo wa wakati ule walikuwa na mfuko wa pamoja, na kwamba wapo waliotarajia uwakomboe.

Wiki ya pili ingia kwa Wasmirna. Hapa vijana wetu wa mijadala hukimbilia sura ya 8, kwa sababu ndipo maneno “Kanisa Katoliki” yanapoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi tuliyo nayo: alipo Kristo Yesu, ndipo lilipo Kanisa Katoliki. Wanaunakili mstari huo, wanamtumia jirani Mlokole, basi, barua imeisha. Nawasihi warudi sura ya 6 na ya 7. Pale Ignasi anaeleza habari za watu waliofundisha kwamba Kristo alionekana tu kama ana mwili. Dalili yao ya kwanza anayoitaja ni kwamba hawajali upendo: hawamjali mjane, yatima, aliyeteswa, mfungwa, mwenye njaa, mwenye kiu. Ya pili ni kwamba wanajitenga na Ekaristi kwa sababu hawakiri kuwa ni mwili wa Mwokozi wetu. Kwake mambo hayo mawili yanakaa sentensi jirani. Anayeudharau mwili wa Kristo altareni ataudharau na mwili wa mwenye njaa mlangoni, na mimi nadhani hata kinyume chake ni kweli. Ukimaliza, soma salamu za sura ya 13: familia za ndugu pamoja na wake na watoto, na Alke, mwanamke ambaye Ignasi anasema jina lake ni la kupendwa kwake. Hatujui mengi juu yake.

Wamagnesia, Watrali na Wafiladelfia unaweza kuzipitia haraka. Zinarudia umoja na askofu, mapadre na mashemasi, na ukizisoma mfululizo utachoka. Kisha Waefeso, ukiwa sasa umeizoea sauti yake. Simama sura ya 4, mapadre wanapolingana na askofu kama nyuzi na kinubi. Sura ya 15, kwamba ni heri kunyamaza na kuwa kuliko kusema na usiwe. Na sura ya 20, anapouita mkate tunaoumega dawa ya kutokufa. Sura ya 15 ifanye kuwa tafakari yako kabla ya kwenda kuungama.

Barua kwa Warumi iweke mwisho, na usiisome ukiwa na haraka. Ndiyo pekee yenye tarehe, 24 Agosti. Anawasihi Wakristo wa Roma wasimwokoe: yeye ni ngano ya Mungu, anasagwa kwa meno ya wanyama ili awe mkate safi wa Kristo. Katika sura ya 7 anasema ndani yake yapo maji ya uzima yanayonena, yakimwambia, njoo kwa Baba. Mimi huisali sentensi hiyo baada ya Komunyo. Lakini kama unaisoma na mtu aliyekata tamaa ya maisha, au unajua yupo kikundini, tanguliza maelezo. Ignasi hakujipeleka, alikuwa ameshahukumiwa. Na Kanisa halikuwasifu waliojipeleka. Masimulizi ya kifodini cha Polikarpo, katika sura ya 4, yanamtaja Kwinto aliyejitoa mwenyewe kisha akawaogopa wanyama, na yanasema wazi kwamba hatuwasifu wanaofanya hivyo. Polikarpo mwenyewe alikubali kwanza kwenda kujificha shambani.

Sikukuu ya Ignasi ni 17 Oktoba, na ukisali Kipindi cha Masomo katika Sala ya Kanisa siku hiyo utakuta sehemu ya barua hii kwa Warumi. Jina lake pia limo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, baada ya Barnaba. Kwa hiyo ukianza mwanzoni mwa Septemba utamaliza kwa wakati, hata kama wiki moja italiwa na msiba au mavuno.

Baada ya hapo soma barua ya Polikarpo kwa Wafilipi. Katika sura ya 13 utaona walikuwa wamemwomba barua za Ignasi, naye akawatumia zote alizokuwa nazo.