Boneti ya kaboni: kinachoiharibu na namna ya kuitunza

Nyuzi za kaboni hazishiki kutu, na jua lenyewe haliziwezi. Kinachochakaa kwenye boneti ya kaboni ni vile vinavyozishikilia nyuzi hizo: rezini (gundi ngumu) iliyozigandisha, klia (rangi angavu isiyo na rangi yake) iliyopulizwa juu yake, na vyuma vilivyogundishwa upande wa ndani kwa ajili ya bawaba na loki. Matunzo yote yanahusu vitu hivyo vitatu. Anayehangaikia mng'ao peke yake akasahau boliti, siku moja boneti itafunuka gari likiwa kwenye mwendo. Anayekaza boliti vizuri akaiacha klia iliwe na jua atabaki na boneti imara iliyogeuka njano.

Ifungue uitazame tumboni

Boneti nyingi za bei nafuu zina tabaka moja tu la kaboni juu, na chini yake ni faibaglasi. Nyingine ni kaboni tupu iliyolazwa kwa mkono na kupakwa rezini, ikakauka kwa joto la kawaida. Zile za daraja la juu hutengenezwa kwa kitambaa kilichokwisha kulowekwa rezini kiwandani, kisha huokwa kwenye tanuri la shinikizo kwa digrii 120 au zaidi.

Tofauti hiyo inahusu joto kuliko urembo. Epoksi, yaani rezini inayotumika sana hapa, iliyokauka bila kuokwa huanza kulegea kwenye digrii 60 hadi 80 hivi, na boneti nyeusi iliyo kwenye jua la mchana inaweza kupita digrii 70 hata injini ikiwa imezimwa. Ukiwa na turbo chini yake, mambo huharibika mapema. Dalili ya kwanza ni kuhisi mistari ya ufumaji kwa kidole mahali palipokuwa laini kama kioo. Ya pili ni pembe za boneti kuanza kuinuka. Bandika karatasi ya kuakisi joto upande wa ndani, juu ya turbo na ekzosi, kabla hujaziona dalili hizo, kwa sababu boneti iliyokwisha kupinda hainyooki tena kwa urahisi. Kwa sababu hiyohiyo, boneti iliyovuliwa usiiegemeze ukutani juani. Ilaze kivulini juu ya blanketi, ikiwa imeshikiliwa sawasawa kila upande.

Kufunga: hapa ndipo boneti nyingi hufia

Shokapu za gesi za kuinulia boneti zilizokuja na gari zilipimwa kwa uzito wa boneti ya chuma, na ya kaboni mara nyingi ina nusu ya uzito huo. Ukiziacha, zitaisukuma boneti hata ikiwa imefungwa, na nyufa zitaanzia pale zinaposhikia. Weka shokapu zenye nguvu ndogo zaidi, au tumia fimbo ya kuegemezea.

Tia boliti zote kwa vidole kwanza. Linganisha mwanya wa kushoto na kulia hadi ulingane (milimita 4 au 5 zinatosha kwa magari mengi), kisha kaza kwa spana fupi ya mkono. Usitumie mashine ya upepo: inang'oa chuma kilichogundishwa, au inayaponda matabaka ya kaboni bila wewe kuona chochote kwa juu. Weka washa pana. Zikague boliti tena baada ya kilomita 100, halafu kila unapobadilisha oili.

Kaboni hupitisha umeme. Ikigusana na alumini mahali penye unyevu, na hasa penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe kuzunguka boliti au bawaba ya alumini, kazi hiyo imeshaanza. Tumia boliti za chuma cha pua, weka washa za nailoni kati ya chuma na kaboni, na paka epoksi kwenye kuta za kila tundu.

Kisha pini za kuibana boneti. Loki ya kawaida hushikwa na sehemu ndogo ya boneti, na mwendo ukiwa mkubwa upepo husukuma kutoka chini. Loki ikichomoka, boneti hupinduka na kupiga kioo cha mbele. Pini mbili upande wa mbele huzuia hilo, na kwa boneti yenye tabaka moja la kaboni nisingekubali gari litoke bila hizo. Unapotoboa, bandika utepe wa karatasi juu, weka kipande cha ubao kwa nyuma, anza na keekee kali ya milimita 3 kisha upanue polepole bila kukandamiza. Tundu lililoachwa bila kuzibwa kwa epoksi hunywa maji, na baada ya muda utaona wingu jeupe likitambaa chini ya klia. Wingu hilo halitoki kwa polishi.

Kufunga kwenyewe nako kuna adabu yake. Usiibamize, na usiisukume katikati. Ishushe hadi ilale juu ya loki, kisha bonyeza kwa viganja viwili pale pale juu ya loki hadi usikie mlio. Ikihitaji nguvu nyingi, punguza urefu wa vile vimpira vya kupumzikia pembeni.

Kuosha na kulinda dhidi ya jua

Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari isiyo na asidi wala magadi, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Mashine ya shinikizo iwe umbali wa sentimita 40 au zaidi, na usiielekeze kwenye kingo wala kwenye mipasuko ya klia, kwani maji huinua tabaka. Kinyesi cha ndege na wadudu waliogandia vifunike kwa kitambaa chenye maji dakika chache, halafu vifute bila kusugua. Visikae hadi kesho. Mafuta ya breki na tina (kiyeyusho cha rangi) huila klia. Vikimwagika, mwagia maji mengi papo hapo.

Miale ya urujuanimno ndiyo adui mkubwa. Epoksi ikipigwa nayo moja kwa moja hugeuka njano na kupauka, na ndiyo maana boneti isiyo na klia haifai kuachwa nje. Nta huipa boneti mng'ao na kuzuia uchafu kwa miezi miwili au mitatu, lakini kinga yake dhidi ya jua ni ndogo. Kinga ya kweli ni klia ya sehemu mbili yenye vizuizi vya urujuanimno, na juu yake filamu ya kulinda rangi ukiweza. Maegesho ya kivulini yanasaidia kuliko nta yoyote.

Ukipiga polishi, kumbuka kuwa vipimo vya kawaida vya unene wa rangi vimeundwa kwa bodi ya chuma au alumini, hivyo hapa vitakudanganya. Tumia kompaundi laini (dawa ya kusugulia), mashine ya polishi inayozunguka huku ikitikisika, kwa kasi ndogo, na ziache kingo, kwa sababu huko klia ni nyembamba zaidi.

Klia ikishachoka

Kwanza ujue unjano uko wapi. Chagua sehemu ndogo pembeni, isugue kwa msasa P1500 na maji. Maji yakiwa meupe na unjano ukapungua, tatizo liko kwenye klia na linatibika. Unjano ukibaki vilevile, umeingia kwenye rezini. Utafunikwa kwa kiasi tu. Maji yakianza kuwa ya kijivu au meusi, umefika kwenye nyuzi. Acha hapo hapo.

1. Osha, kausha, futa kwa kiondoa mafuta na nta.
2. Sugua kwa P600 kisha P800, kwa maji, hadi boneti yote ififie sawasawa. Pasiwe na doa linalong'aa, kwani hapo klia mpya itabanduka.
3. Puliza klia ya sehemu mbili mikono miwili hadi mitatu, ukisubiri dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono. Uwiano wa kigumu (sehemu ya pili, inayoigandisha klia) fuata wa kwenye kopo.
4. Iache saa 24 au zaidi, kisha P1500, P2000, P3000 na kompaundi.
5. Usipake nta kwa siku 30, viyeyusho vipate kutoka.

Kigumu cha klia hiyo kina isosianati, kemikali ambazo zinaweza kuumiza mapafu kwa kudumu. Barakoa ya kitambaa haifai kitu. Inahitajika ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Vumbi la kaboni nalo huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo sugua kwa maji daima na uvae glavu.

Nyufa

Gonga boneti kwa sarafu, sentimita chache kwa sentimita chache. Sauti kali na safi ni salama. Sauti butu inamaanisha matabaka yameachana. Nyufa nyembamba kama utando, zenye sauti safi, mara nyingi ziko kwenye klia peke yake. Ufa unaofunguka ukiukandamiza umeingia ndani.

Huo utibiwe kwa upande wa chini, uso uachwe. Kwangua rangi na ulainishe kwa P80, sentimita 8 kila upande wa ufa, futa kwa asetoni, subiri ikauke. Laza vipande vitatu vya kitambaa cha kaboni kwa epoksi, kila kimoja kikizidi kilichotangulia kwa sentimita 2 pembeni zote, na ukandamize hewa itoke. Ikiwa ufa unapita karibu na bawaba au loki, usiishie kwenye kiraka. Badilisha boneti.