Namna ya Kutazama Kabla ya Kuingia Barabara Kuu

Dereva aliyegonga pikipiki kwenye makutano mara nyingi hujitetea kwamba alitazama lakini hakuiona, na waliomzunguka humhesabu kuwa mwongo. Mimi naamini kwamba wengi wao husema kweli, kwa kuwa macho yanaweza kuelekezwa mahali na ubongo usipokee kilichopo. Ipo njia ya kulipunguza kosa hilo, lakini si rahisi mtu kuishika kwa dhati kabla hajalishuhudia mwenyewe. Kwa hiyo naomba uanze nyumbani, ukiwa na karatasi ya daftari.

Chora msalaba mdogo upande wa kushoto na nukta nene upande wa kulia, viachane kwa sentimita 8. Fumba jicho la kushoto, kazia msalaba kwa jicho la kulia, kisha vuta karatasi polepole kutoka urefu wa mkono kuja usoni. Ikifika kiasi cha sentimita 30, nukta itatoweka. Angalia vizuri mahali ilipokuwa: hapana shimo wala giza, bali mistari ya daftari imeendelea kana kwamba hapakuchorwa kitu. Picha ya nukta imeangukia pale neva inapotokea nyuma ya jicho, mahali pasipopokea mwanga, kama alivyoeleza Mfaransa Edme Mariotte katika karne ya 17, na ubongo umeliziba pengo bila kukuarifu. Baada ya hapo simama mbele ya kioo, utazame jicho lako moja kisha la pili, mara kadhaa. Hutayaona macho yako yakisogea, ingawa aliyesimama kando yako atayaona waziwazi, kwa sababu jicho linaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine ubongo hufifisha uoni kwa muda huo mfupi.

Sasa nenda nayo hayo barabarani. Eneo ambalo jicho huliona kwa ukali halisi halizidi sana upana wa dole gumba ukiwa umenyoosha mkono. Kinachobaki ni ukungu ambao ubongo huusafisha kwa makisio. Dereva anayegeuza kichwa upesi kulia na kushoto, gari likiwa bado linatambaa, ameruka sehemu kubwa ya barabara bila kujua. Simamisha gari kabisa. Anza kulia, kwa kuwa kwetu magari yaliyo karibu zaidi hutokea huko, na utue macho mahali patatu: karibu, katikati na mbali, kila mahali ukipatuliza kwa muda unaotosha kutaja ulichokiona. Fanya vivyo hivyo kushoto, kisha rudi kulia. Marubani nao hufundishwa kuikagua anga kipande kwa kipande, wala si kwa kuifagia.

Nguzo ya kioo cha mbele inahitaji uangalifu wa pekee, hasa ya kulia, ambayo kwa ukaribu wake na dereva huficha eneo kubwa. Jioni moja nilikuwa nakaribia makutano taratibu, ndipo bodaboda aliyebeba kreti mbili za soda alipotokeza nyuma ya nguzo hiyo, mita chache tu kutoka boneti yangu. Alikuwa amefichika hapo muda wote, kwa kuwa mwendo wake na wangu ulilingana kiasi kwamba hakuhama kutoka nyuma ya ile nguzo. Mabaharia wanaijua hatari hii: kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinawataka wakihofie chombo kinachokaribia huku wakikiona upande uleule bila kuhama. Pembe ya jicho hushtushwa na kinachosogea, na kinachokuja kukugonga huonekana kama kimetulia. Basi inama mbele, kisha egemea nyuma, ili nguzo ihame na kilichojificha kionekane.

Hata hivyo, macho yaliyotua vema bado huhitaji kuambiwa yatafute nini. Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wakipasiana mpira na kuwataka wahesabu pasi. Takriban nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati ya uwanja na kujipigapiga kifua. Dereva anayetafuta nafasi kati ya malori huona malori. Kwa hiyo kabla ya kutua macho, jiambie kwa sauti, "Natafuta pikipiki, baiskeli na mtu anayetembea." Abiria wako wakishangaa, waeleze sababu.

Mazungumzo ya simu yaishe kabla hujafika kwenye makutano, hata kama unatumia spika na mikono yako iko kwenye usukani, maana kinachopungua hapo ni umakini na wala si mikono. Abiria aliye kando yako mwombe anyamaze kidogo, na umwachie yeye simu inayolia.