Morse hujifunzwa kwa sikio: mazoezi na maandalizi ya mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa

Morse ni herufi zinazotumwa kwa milio mifupi (nukta, "di") na mirefu (vistari, "daa"). Kama umebandika chati ya nukta na vistari ukutani, ibandue. Anayejifunza Morse kwa macho husikia mlio, akahesabu nukta, akatafuta picha yake kichwani, na huku herufi mbili zimeshapita. Wengi wa aina hii hukwama kwenye maneno 10 hivi kwa dakika. Herufi K ni "daa-di-daa", basi. Sikio liitambue kama linavyotambua jina lako likiitwa.

Njia bora ni ya Ludwig Koch, mwanasaikolojia Mjerumani wa miaka ya 1930. Weka programu ya mazoezi kwenye kasi ya maneno 20 kwa dakika, mlio wa hezi 600 au 700, uvae hedifoni. Anza na K na M peke yake. Andika unachosikia kwa dakika 5. Ukipata asilimia 90, ongeza herufi moja, usiongeze mbili. Ukizidiwa, usipunguze kasi ya herufi yenyewe, refusha ukimya baina ya herufi. H ikipigwa polepole inakuwa nukta nne za kuhesabu, na ukishazoea kuhesabu, kuacha ni kazi.

Herufi ikikuponyoka, acha nafasi usonge mbele. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinazaa kuliko saa nzima ya Jumapili.

Kutuma kusubiri mpaka sikio likomae, kwa sababu mkono huiga linachosikia. Kwa kasi ya 20, nukta ni milisekunde 60 na kistari 180. Pengo ndani ya herufi ni nukta 1, baina ya herufi 3, baina ya maneno 7. Mapengo ndiyo yanayoharibu zaidi: C ni "daa-di-daa-di", lakini ukisita katikati, anayekusikiliza ameandika N mbili.

Kuhusu mtihani, soma kwanza mtaala wa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. Tangu mkutano wa dunia wa redio wa 2003, kila nchi huamua yenyewe kama itadai Morse. Marekani iliifuta 2007. Kanuni na mipaka ya masafa huna budi kuikariri. Umeme na antena vinataka kalamu na karatasi.

Chukua masafa ya megahezi 7.1. Gawa 300 kwa 7.1: urefu wa wimbi ni mita 42.3. Antena ya nusu wimbi ingekuwa mita 21.1, ila waya halisi huwa mfupi kwa karibu asilimia 5, hivyo mafundi hugawa 143 kwa masafa: mita 20.1, yaani kama mita 10 kila upande. Kata kila upande ukiwa na sentimita 30 za ziada, pandisha, pima, kisha punguza kidogo kidogo pande zote mbili kwa usawa.

Kosa linalowaangusha wengi kwenye hesabu ni kusahau "mili": miliampia 250 ni ampia 0.25. Badilisha kabla ya kuzidisha. Halafu jipime kwa hili: redio inavuta ampia 20 kwa volti 13.8, na inatoa wati 100 kwenye antena. Inayoingia ni 20 mara 13.8, yaani wati 276. 176 zinaishia kuwa joto, na ndiyo maana redio ina feni.