Kabla ya Kupaka Mafuta: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayewashwa Akiwa kwenye Dayalisisi

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine huweza kuwashwa mgongoni na mikononi, hasa usiku, ilhali ngozi haina kipele chochote ila michirizi ya kucha zake mwenyewe. Kabla ya kununua mafuta, athibitishe kwanza kwamba chanzo ni figo, kwa kuwa wenzake wa nyumbani wakiwa nao wanajikuna, huenda ni upele wa kuambukiza, ambao hautibiki kwa mafuta ya nazi.

Linalosahauliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni hali ya damu. Fosfeti (madini yatokayo kwenye chakula ambayo figo zilizoharibika hushindwa kuyatoa) ikizidi, au mgonjwa akizoea kuomba ashushwe kwenye mashine kabla ya muda aliopangiwa, mafuta yatatuliza ngozi kwa saa chache tu na muwasho utarudi. Kwa hiyo aulize majibu ya vipimo vyake vya karibuni, ameze dawa za kuzuia fosfeti pamoja na chakula chenyewe kama alivyoelekezwa, na apunguze dagaa, karanga na soda nyeusi.

Ngozi nayo huwa kavu mno. Aoge kwa muda mfupi, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ajikaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha apake mafuta ya nazi yasiyochanganywa na kitu ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta mapya yajaribiwe kwanza mahali padogo, kwenye mkono usio na fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kuchomwa sindano za dayalisisi), kwa siku moja au mbili. Limao na krimu za kung'arisha ngozi ziachwe kabisa. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, nayo ni sumu kwa figo.

Siku ya dayalisisi, mkono wa fistula uoshwe kwa sabuni na usipakwe chochote kabla ya sindano, kwani plasta haishiki juu ya mafuta.

Dawa za asili za kunywa ni hatari kubwa kuliko za kupaka: juisi ya tunda la noni ina potasiamu nyingi, madini ambayo yakizidi mwilini huweza kuvuruga moyo, na matunda ya nyota (karambola) yamewahi kuwaletea wagonjwa wa figo degedege na hata kifo.

Kucha zikatwe fupi. Mkwaruzo ulio karibu na fistula ukiwa mwekundu, wa moto au wenye usaha, uonyeshwe kituoni siku hiyohiyo, bila kungoja zamu inayofuata.