Fedha za ARPA-E: mwongozo kwa watafiti wetu walioko Marekani

Kuna wenzetu wengi kwenye maabara za Marekani wenye mawazo mazuri ya betri au ya kutengeneza mbolea kwa umeme, lakini wanayakalia wakidhani fedha za serikali ni za wenyeji tu. ARPA-E, wakala wa Wizara ya Nishati ya Marekani ulioundwa kwa sheria ya 2007, ulianza kazi mwaka 2009 kwa dola milioni 400. Unagharamia teknolojia ambayo bado ni changa mno kwa wawekezaji. Ni ruzuku, hulipi deni wala hutoi hisa.

Angalia kwanza hadhi yako. Mwenye uraia au grinikadi anaweza kuomba kwa jina lake, ila akishinda, fedha zitapitia kampuni au taasisi iliyosajiliwa. Ukiwa na viza ya masomo, ombi lipitie chuoni, chini ya profesa wako. Usianze kuifanyia kazi kampuni yako mwenyewe kabla hujaonana na wakili wa uhamiaji.

Usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaoomba fedha zake, ufanye mapema, hata kabla tangazo la kuomba fedha halijatoka. Jina na anwani vifanane kabisa na hati za kampuni; namba ya ofisi ikikosekana, usajili wako unaweza kurudishwa. Usajili ni bure na huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo anayekupigia simu kukudai ada hatoki serikalini.

Jasho lako limwage kwenye andiko la kwanza la kueleza wazo lako (concept paper), ambalo kwa kawaida halizidi kurasa 4. Eleza unataka kufanya nini bila misamiati ya maabara, leo jambo hilo linafanywaje na linakwama wapi, jipya lako ni lipi, na likifanikiwa litambadilishia nani maisha. Maswali haya ni ya George Heilmeier, aliyeongoza DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, miaka ya 1970, na ARPA-E imejengwa kwa mfano wa DARPA. “Betri yetu ni nafuu” haitoshi. Andika ni dola ngapi kwa kilowati-saa, betri zilizoko sokoni ni dola ngapi, na ni kitu gani kwenye kemia yako kinachoshusha gharama. Tumelelewa tusijisifu, na adabu hiyo huingia hadi kwenye maandishi: “tunatarajia kujaribu.” Futa. Sema utafanya nini.

Kazi hutakiwa kufanyika ndani ya Marekani. Ukitaka kufanya majaribio Turkana au Dodoma, omba ruhusa maalumu mapema. Na ukiulizwa nyadhifa na fedha zako nyingine, taja zote, hata ufundishaji wa kujitolea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuwa nao si kosa; kuuficha ndiko kutakakokuponza.

Uwe na akiba pia, maana kwa kawaida serikali hurejesha gharama ulizokwisha kutumia, na waombaji wengi hutakiwa kuchangia sehemu. Matangazo ya OPEN, yanayopokea wazo lolote la nishati, yalitoka 2009, 2012, 2015, 2018, 2021 na 2024. Katikati hutoka ya mada maalumu, na muda wa kuandika huwa mfupi.