Kijana wa spesho anamaliza shule, sasa wiki yake itakua aje

Mzazi wa Nairobi mwenye mtoto mwenye ulemavu kwa shule ya spesho ama yuniti, yale madarasa ya spesho ndani ya shule ya kawaida, anajua kutafuta fii, anajua kupigania nafasi, anajua gari ya shule inapita stejini saa ngapi, lakini muulize huyu kijana akimaliza, Jumatatu ya Januari saa tatu asubuhi atakua wapi, utaona vile atanyamaza. Shuleni kila kitu kilikua mahali pamoja, mwalimu, chakula, fiziotherapi, marafiki, hata mtu wa kumpeleka choo, alafu geti inafungwa na hakuna ofisi inapiga simu kusema sasa tumempokea. Faili yake haitembei yenyewe, ni wewe utaibeba. Kwa hivyo hii naandikia mzazi, dada mkubwa, shangazi ama mwalimu wa kijana wa miaka 15 au 16, na kama wako ashafika 19 bado inawezekana, ila utakimbia sana.

Anza na karatasi moja. Chora siku saba za wiki, mkae chini na yeye mwenyewe, mjaze pamoja. Kama haongei tumia picha, hata za kupiga na simu: jikoni, kuku, soko, kompyuta, karwosh, kanisani, aonyeshe kwa kidole ama kwa macho. Kama ni kiziwi na hapo nyumbani hamjui lugha ya ishara vizuri, ita mwalimu wake ama kiziwi mtu mzima awasaidie kuongea, juu mama kukisia mtoto anataka nini si kumuuliza. Wengi watakwambia nataka kazi, basi, usiishie hapo, endelea kuchimba, kazi ya kukaa ama kusimama, ya makelele ama ya kimya, ya watu wengi ama yeye na mtu mmoja anayemjua. Alafu kila siku iwe na majibu matatu: anafanya nini, ako na nani, na fea inatoka wapi. Mahali karatasi imebaki wazi ndo kuna kazi yako, na ofisi zote nitataja huko chini ni za kujaza hizo nafasi, si za kukusanya makadi tu.

Sasa makaratasi. Cheti cha kuzaliwa kwanza, na usicheke, kuna vijana wamefika darasa la ufundi hawana. Akifika 18 ni ID, unapitia kwa chifu ama Huduma Centre, iwe ya GPO, Makadara ama Eastleigh, ukiwa na hicho cheti na ID za wazazi. Kuna watu watakuuliza ID ya nini na kijana hata kusoma hajui, wapuuze. ID ndo inafungua laini ya simu kwa jina lake, M-Pesa, akaunti ya benki, pini ya KRA, akaunti yake ya eCitizen, na kura pia, na bila hiyo kila shilingi yake itapitia kwa simu ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine siku moja atakua na shida zake. Kama vidole vyake vimekunjana ama hawezi kutulia apigwe picha, mwambie afisa mapema kabla foleni ifike kwenu, na mjaribu nyumbani kwanza, kidole kwa wino, kukaa wima kwa kiti, kuangalia mbele.

Inayofuata ni kadi ya NCPWD, lile baraza la taifa la watu wenye ulemavu. Kijana anapimwa kwa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, hapa Nairobi watu huenda Kenyatta, Mbagathi ama Mama Lucy, madaktari wanajaza ripoti, alafu usajili unamaliziwa kwa eCitizen. Piga simu ama utume mtu aulize kwanza ni siku gani madaktari wa hiyo kamati wanakaa, juu kutoka Kayole na wilichea kwa matatu mbili alafu uambiwe rudi Alhamisi ni mateso ya bure. Kama alisajiliwa akiwa mdogo kwa cheti cha kuzaliwa, uliza vile rekodi itaunganishwa na ID yake mpya. Na usichanganye hii na ile asesimenti ya KISE, taasisi ya elimu maalum kule Kasarani, ama ya EARC, kile kituo cha kupima watoto kabla ya shule, ile ilikua ya kumtafutia shule, hii ya hospitali ndo inamtambulisha kwa huduma za watu wazima. Piga picha ya kila karatasi, ujitumie kwa imeili, kabla maji ya mvua ama kuhama nyumba kuzimalize.

Afya watu husahau kabisa. Kliniki ya watoto itamwachilia na ya wakubwa haimjui, kwa hivyo omba daktari wake barua ya muhtasari: ugonjwa, dawa na vipimo vyake, operesheni alizofanyiwa, ni nini kilijaribiwa kikakataa. Kwa mwenye kifafa hii barua ni muhimu sana, juu kipimo cha dawa kinaenda na uzito, na kijana wa 17 ameongezeka kilo nyingi tangu ule mwaka dawa ilipangwa. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, cerebral palsy, fiziotherapi ya shule ikiisha misuli inaanza kukaza, kwa hivyo kabla afunge muombe mwalimu wa tiba awafunze mazoezi ya nyumbani, si wewe peke yako, na kaka zake pia. Wilichea ya darasa la tatu haimtoshi sasa, ikimbana inaleta vidonda, hiyo omba ingine kwa APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo, ama kupitia NCPWD. Na kwa SHA, bima ya afya ya serikali, kijana mwenye ulemavu anayekutegemea kabisa na mnaishi pamoja anaruhusiwa kubaki chini ya jina lako hata akiwa mtu mzima, cheki kama bado anaonekana hapo, usingojee kujua ukiwa dirisha la hospitali.

Masomo ya mbele inategemea ni kijana gani. Aliyefanya KCSE aombe KUCCPS, wale wa kugawa nafasi za vyuo, kama wengine na aseme wazi ulemavu wake, juu wenye ulemavu wanafikiriwa kwa njia ya pekee, alafu HELB, mkopo wa masomo. Kiziwi anaeza kuangalia ile Technical, chuo cha ufundi cha viziwi, iko Karen, asiyeona kuna ya Machakos. Lakini kama yuko kwa ile njia ya ngazi za mtaala wa CBC, ya msingi, ya kati, ya kuandaliwa ufundi alafu ufundi wenyewe, huko mwisho hakuna KCSE ya kungojea, na naona wazazi wakiacha mtoto akae darasani mpaka 23 wakingoja cheti hakikuji. Omba shule ikuandikie anachoweza kufanya, kwa lugha ya kazi: anafua na kuanika mwenyewe, anapima unga kwa mizani, anafuata maagizo mawili kwa wakati mmoja. Kuna vituo vya serikali vya mafunzo ya ufundi kwa wenye ulemavu, hapa Nairobi ni Industrial Rehabilitation Centre, na vyuo vya ufundi vya kaunti pia vinafaa kutembelewa. Mkienda nendeni na yeye, angalia choo, angalia ngazi, uliza ni nani anakua na wao wakati wa lanchi. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, nao unapima mikono zaidi ya kalamu, kwa fundi mzuri asiyependa vitabu hiyo ni njia.

Kwa maoni yangu hata hivyo, kazi kubwa kuliko hizo zote ni matatu na pesa. Kijana anaeza kua na cheti na kadi zote na akashindwa kazi juu hajawahi panda gari peke yake. Chukua njia moja tu, ile ya karatasi yenu ya wiki, mwende pamoja mara nyingi, alafu wewe ukae kiti cha nyuma ujifanye humjui, alafu umfuate na gari inayofuata, alafu umngojee stejini. Msalimieni makanga wa hiyo njia, mwambieni anashukia wapi, wengi ni watu wazuri wakielezwa. Mwandikie kadi ya mfukoni yenye jina, stejini anaposhukia na namba yako. Pesa mpatie kidogo kidogo anunue mwenyewe, na akiibiwa mia moja dukani ni masomo bei rahisi. PIN ya M-Pesa ni siri yake, mfunze hivyo. Na hapo hapo ongea naye juu ya mwili, mapenzi, mimba, nani anaruhusiwa kumsaidia kuoga na nani haruhusiwi, mwenye kumgusa vibaya aambie nani. Wazazi wetu hii wanairuka kwa aibu, wanasema bado ni mtoto, na wenye nia mbaya mtaani wanajua ameachwa hivyo.

Kazi sasa. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Haimaanishi utapigiwa simu, ila ni kitu cha kuweka mezani. Riziki Source, jukwaa la mtandaoni, inaunganisha wenye ulemavu na waajiri, muandikisheni. Akiajiriwa, aombe kusamehewa kodi KRA, mapato mpaka 150,000 kwa mwezi hayatozwi akiwa na cheti cha huo msamaha, ila hicho cheti kina mwisho wake, ujue kinaisha lini. Lakini wengi wa hawa vijana kazi yao ya kwanza haitoki kwa tangazo, inatoka kwa mtu anakujua. Tembea Gikomba, Kariobangi Light, kwa mwenye bekari ya mtaa wenu, omba wiki mbili za majaribio, na mtu wa nyumbani ama mwalimu akae naye siku za kwanza amuonyeshe kazi hatua kwa hatua alafu ajitoe polepole. Kubaliana mapema juu ya malipo, hata kama ni kidogo, juu kuna watu wanapenda kumtumia kijana mwaka mzima kwa chai na mandazi.

Akitaka biashara, mfuko wa maendeleo ulio chini ya NCPWD hupeana vifaa vya kazi, na kikundi kinaeza kuomba Uwezo Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, na wakikomaa kuna zile zabuni za serikali, asilimia 30 ya vijana, kina mama na wenye ulemavu. Usiombe cherehani kama hajui kushona, nimeona zikiwekewa televisheni juu.

Na kuna yule hatafanya kazi ya mshahara, tuseme ukweli. Yeye pia anahitaji wiki. Kama ulemavu wake ni mkali uliza kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii juu ya Inua Jamii, pesa za serikali za kusaidia familia, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, haitoshi dayapa lakini si bure. Tafuta familia zingine tatu ama nne za mtaa wenu, mpokezane vijana nyumba kwa nyumba siku tofauti, mmoja akienda kuuza wengine wako salama. KAIH, shirika la wenye ulemavu wa akili na familia zao, wanajua vikundi vya wazazi, na watakuonyesha pia vijana wenyewe wanaojisemea, mpeleke awaone.

Mwisho ni ile swali ya usiku, nikienda mimi. Korti inaeza kuongeza wajibu wa mzazi kupita 18 kukiwa na sababu maalum, mambo kama hayo husikizwa korti ya watoto Milimani, lakini usikimbilie huko kama kijana anaeza kuamua akielezwa polepole, na ardhi ama nyumba ukimwachia andika wosia na wakili, si maneno ya mdomo mbele ya wajomba. Chagua mtu mmoja sasa, kama dada yake, aanze kwenda naye kliniki mara moja moja, ajue dawa, ajue makanga, ajue bahasha ya makaratasi iko wapi na pasiwadi ya ile imeili yenye picha zao ni gani.