Somo: kutembea kwa miguu hifadhini, huhitaji kukodi gari

Wakuu habari za muda huu. Watu wengi ukiwaambia twende hifadhi wanawaza Land Cruiser na simba tu, wakipigiwa hesabu ya gari wanaghairi. Tanzania ina hifadhi za taifa 21 na kadhaa unatembea kwa mguu wako mwenyewe.

Hatua ya 1: chagua kulingana na pumzi yako. Kama hujawahi kupanda hata kilima usikimbilie Kilimanjaro (mita 5,895) kisa umeona picha za status. Anzia Udzungwa, Morogoro. Ndani hakuna barabara ya magari kabisa, tajiri na sisi wa basi wote mguu. Panda basi la Ifakara, pale Mikumi linakata kushoto, unashuka Mang'ula, ofisi za hifadhi ziko hapohapo. Omba njia ya Sanje, maporomoko ya kama mita 170 yanayoshuka kwa awamu tatu, unapanda msituni jasho linakutoka mgongo mzima afu ghafla unatokea juu unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yote huko chini. Tenga nusu siku, usiende mbiombio.

Hatua ya 2: msimu. Juni mpaka Oktoba njia ni kavu, masika unateleza hatari. Ila Kitulo kule Makete ni kinyume, maua yanachanua kipindi cha mvua, ukienda kiangazi utakuta nyasi tu uanze kulaumu watu.

Hatua ya 3: malipo. Beba kitambulisho cha NIDA ulipe kwa shilingi kama mzawa. Unapewa kontrol namba unalipia kwenye simu au benki, so hakikisha salio lipo kabla hujafika getini.

Hatua ya 4: miguu, na hapa ndo wengi wanaumbuka. Kiatu kiwe na meno na uwe umeshakizoea mtaani, kipya kitakuchubua kisigino kabla hujafika popote. Kata kucha za vidole vya miguu, maana kwenye mteremko vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua na jioni kucha nyeusi. Maji lita mbili, karanga, ndizi. Mifuko ya plastiki acha nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu 2019.

MASWALI

Mkuu naweza kuingia mwenyewe bila mwongozaji?
— Usijaribu. Njia zinapotea msituni na wanyama wapo. Mlima Meru ndo kabisa, unapanda na askari mwenye bunduki sababu ya nyati.

Mimi dada nina kilo zangu 95, Sanje nitaweza kweli?
— Utaweza dada, mwambie mwongozaji mapema apunguze mwendo. Beba na fimbo, kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda.

Nguo za jeshijeshi si ndo poa porini?
— Hapana kaka, hizo hapa raia haruhusiwi kuvaa. Na bluu iliyokolea au nyeusi acha, inaita mbung'o. Vaa kaki.

Gombe nako kunatembelewa kwa mguu? Nataka kuona sokwe.
— Ndiyo, unaenda kwa boti toka Kigoma afu msituni ni mguu. Ila ukiwa na mafua ahirisha, sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu.